Buluu Isiyobaki Kwenye Pamba

Kwanza kilisikika kitu kikibingirika juu ya meza, taratibu, kama mtu anayetaka kutoka chumbani bila kuaga. Kikasita. Kisha tii, tii, tii, matone yakaanza kudondoka sakafuni. Nilikuwa juu ya ngazi ukumbini, brashi mkononi, nusu ya herufi imekwisha na nusu inanisubiri, na nikajiambia kwamba hilo si langu. Halafu nikasikia sauti ya shemeji yangu kutoka nyuma ya mlango wa karakana: "Mama yangu wee."

Hakupiga kelele. Alisema polepole, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu shemeji yangu ni mtu wa kelele. Nikashuka.

Shemeji ni mke wa kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya kuandika mabango ya ukumbi mpya wa makumbusho, ukumbi wa vipepeo uliokuwa ufunguliwe Jumatatu. Miaka minane amefanya kazi kule idara ya mimea, akibana majani na maua katikati ya karatasi na kuyabandikia majina, hadi walinzi wakambatiza Mama Majani. Miezi mitatu iliyopita wakamhamishia idara ya wadudu, kwa majaribio. Ijumaa ile, saa tisa, mkuu wa idara angekuja na barua ya kumthibitisha. Ama angeisaini, ama asingeisaini. Na kule mimea hakukuwa na pa kurudi, kiti chake kilishakaliwa na mtu mwingine.

Nilimkuta amesimama katikati ya karakana, mikono hewani kama mtu aliyetoka kunawa na hajapewa taulo. Chupa ya spiriti ilikuwa imelala ubavu, tupu. Harufu ikanipiga puani.

"Funga mlango," akasema.

"Umekatwa na chupa?"

"Shemeji, funga mlango."

Nikafunga. Akanionyesha kwa kidevu kisanduku cha kioo kilichokuwa mezani, kimefunikwa kifuniko chake. Nikainama nikachungulia.

Nilikijua kisanduku kile. Kila mtu pale alikijua. Ndani yake alikaa kipepeo mmoja mkubwa kama kiganja, kaazimwa kutoka makumbusho ya nchi nyingine, akaja na barua tatu na mihuri minne. Picha yake ilikuwa getini, buluu hadi macho yanauma. Nilishapita mbele ya kisanduku kile mara kumi na kila mara nilipunguza mwendo, mimi ambaye sipunguzi mwendo kwa mtu yeyote.

Aliyekuwa ndani sasa hakuwa buluu. Alikuwa kijani kizito, kijani cha chupa kuukuu, na huku ukingoni akiwa kahawia kama jani lililokanyagwa na viatu vya mvua. Mabawa yamelowa, yameng'aa kwa unyevu.

"Huyu ni mwingine?" nikauliza.

"Ni yule yule. Kulikuwa na ukungu kidogo pembeni mwa kisanduku, doa dogo tu. Nikaondoa kifuniko nilifute kwa spiriti kabla mkuu hajaliona. Kiwiko kikagonga chupa." Akakitazama kisanduku. "Imemwagikia yeye. Yote. Nikajaribu kunyonya kwa pamba, nikaona rangi inakwenda, inakwenda, mbele ya macho yangu. Nikafunika."

"Kwa nini ukafunika?"

"Mtu akiingia je?"

Nikainama tena juu ya kioo.

"Rangi imeyeyuka," akaendelea. "Naijua spiriti mimi. Chukua ua la buluu, lolote, litumbukize kwenye spiriti. Keshokutwa ua limekuwa jeupe kama karatasi na rangi yote iko kwenye maji. Nimefanya hivyo miaka minane, shemeji. Spiriti inakunywa rangi. Nimeinywesha kipepeo wa watu."

Akavuta kiti, lakini hakukaa. Alikishika tu mgongo. Nikamwona anaangalia saa ya ukutani: saa saba na dakika arobaini. Mkuu wa idara alikuwa kikaoni ghorofani.

Sasa inabidi niseme jambo kuhusu mimi. Sikufundishwa kuandika herufi na mtu. Nilijifunza kwa kuangalia mabango ya watu na kuyaona mabaya. Na vina nilijifunza hivyo hivyo, peke yangu, kwa kupanga maneno kwenye mbao za maduka mpaka yakae kama askari kwenye gwaride. Kinyozi akiniletea "Tunanyoa", mimi namrudishia beti. Hajawahi kulalamika. Rangi nachanganya kwa jicho. Ukiniletea kipande cha shati la marehemu babu yako nitakutolea ukuta wa rangi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akisema mbele yangu kwamba rangi imepotea, damu inanichemka.

"Nitampaka," nikasema.

Shemeji akanitazama. "Utampaka nani?"

"Huyu hapa. Nitaichanganya ile buluu, nitampaka kwa brashi namba moja, nywele tatu tu. Saa tisa mkuu wako atakuta kipepeo mpya kuliko jana."

"Umewahi kupaka kipepeo?"

"Nimewahi kupaka basi."

"Basi halina mabawa, wewe."

"Lingekuwa nayo ningeyapaka."

Akacheka bila kutaka, kicheko kifupi cha puani, kisha uso ukamrudia vile vile. "Kaka yako akisikia kwamba tulikaa humu tukipaka mdudu rangi..."

"Kaka hatasikia. Na wewe hutaki barua yako?"

Hakusema ndiyo. Alikwenda tu kwenye kabati akaniletea sahani nyeupe ya kuchanganyia, na kwa watu wa ukoo wetu hiyo ni ndiyo.

Nikaenda ukumbini kuchukua sanduku langu la rangi. Nilipopita chini ya ngazi niliuona ubao niliokuwa nauandika, na nikajisikia vizuri. Ubao huo ulikuwa na historia yake. Mkuu wa idara alinipa karatasi yenye maelezo ya kuandika, na sentensi ya kwanza ilisema: *Kipepeo huyu hana tone la rangi ya buluu.* Niliisoma mara tatu. Kipepeo mwenye buluu ya kuumiza macho, hana tone la rangi ya buluu. Nikasema mchapaji alikuwa na usingizi, au mkuu mwenyewe ameanza kuchoka. Sikuuliza. Niliiacha sentensi ile, mahali pake nikaweka yangu, kwa herufi za dhahabu:

*Buluu safi ya mbali,*
*imepakwa kwa akili.*

Mizani nane, nane. Nilibakiza nusu ya herufi ya mwisho.

Niliporudi karakana nikaona taa ya dari inadanganya macho, kama taa zote za dari. Rangi haichanganywi kwenye taa. Nikabeba kisanduku kwa mikono miwili, nikakipeleka kwenye meza ya dirishani, nikafungua dirisha ili mwanga uingie bila kupitia kioo, na nikaondoa kifuniko. Spiriti iliyokuwa imejifungia humo ndani ikanipanda usoni kwa pamoja, macho yakatoka machozi.

"Polepole na huo mkia wa bawa," shemeji akasema. "Ukikatika hapo, hata wewe hutaweza kuuandikia beti."

Nikachukua rafuni kitabu cha vipepeo, nikafungua ukurasa wenye picha yake, nikaanza. Nilikamua buluu nzito, nikaongeza nyeupe kidogo, nikachovya, nikapaka kwenye karatasi. Nikaiweka karibu na picha.

"Ndiyo hiyo," shemeji akasema.

"Siyo."

"Ni hiyo hiyo, shemeji."

"Hiyo ni buluu ya daftari la shule. Iangalie ilivyolala."

Nikafuta, nikaanza tena. Safari hii nikatia zambarau kidogo, punje tu. Ikaja buluu nzuri, buluu ambayo ningeiweka kwenye duka lolote na mwenye duka angenikumbatia. Lakini nilikumbuka yule kipepeo nilivyokuwa nikimpita. Ukisogea kushoto aliwaka, ukisogea kulia aling'ara kwa namna nyingine, kama jicho linalokufuata. Buluu yangu ilikaa tu pale, imenuna. Nikafuta.

"Saa nane na robo," akasema shemeji.

"Nimesikia."

"Paka hiyo ya pili. Nani atajua?"

"Mimi."

"Mungu wangu. Mimi nafukuzwa kazi na wewe unaona haya."

"Sijawahi kupaka rangi nisiyoiamini, na sianzi leo kwa mdudu."

"Kaka yako aliniambia," akasema, sasa akizungumza na dirisha. "Aliniambia, mdogo wangu anajua kazi ila ana kiburi cha jogoo. Nikasema hapana, ni ujana tu. Nilikutetea."

Nilikuwa kwenye mchanganyiko wa tatu. Niliutia unga wa fedha wa kupambia herufi, nikidhani mng'aro ndio unaokosekana. Ukatoka kama bati la kisima. Nikatamani kuitupa sahani. Hasira ilinipanda hadi masikioni, hasira ya kushindwa na kitu kisicho na hata ubongo wa kuhesabika.

Ndipo likanijia wazo la kifundi kabisa. "Ile pamba uliyonyonyea iko wapi?"

"Ya nini?"

"Rangi iliyotoka imeingia humo. Nipe niione ikiwa tupu, nijue nachanganya nini."

Akaiokota kwenye ndoo, donge la pamba lililolowa. Nikalifungua kwa vidole. Nikaligeuza. Nikalichana katikati.

Lilikuwa jeupe.

"Hii siyo," nikasema.

"Ndiyo hiyo hiyo. Sina pamba nyingine."

"Shemeji, mimi nafuta brashi kila siku ya Mungu. Rangi ikitoka mahali inaingia mahali. Kama buluu yote ile imeyeyuka, iko wapi?"

Tukatazamana. Akainama akaangalia sakafuni, pale matone yalipodondokea kwenye vigae vyeupe. Vigae vilikuwa vikavu na safi. Akachukua kisahani alichokamulia pamba, ambamo spiriti kidogo ilikuwa imebaki, akakiinua kwenye mwanga. Maji matupu, angavu, kama ya kunywa.

"Ua lingeyatia rangi maji haya yote," akasema polepole. "Ua halina siri."

Sikujua la kufikiri, na mimi nisipojua la kufikiri, nafanya. Mchanganyiko wa nne ulikuwa tayari kwenye sahani, na huo, nakiri, ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuchanganya. Saa nane na nusu. Nikachovya brashi ya nywele tatu. Nikaegemeza kiwiko mezani, nikashikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto usitetemeke, nikashuka taratibu hadi ncha ya brashi ikabakiza upana wa ukucha kabla ya kugusa bawa.

Na ukingo wa bawa ulikuwa buluu.

Nilidhani ni rangi yangu imedondoka. Nikaangalia brashi; tone lake lilikuwa bado limejishikilia. Nikaangalia tena. Mstari mwembamba, usiozidi uzi, ulikuwa unapita pembeni mwa bawa la kushoto, na haukuwa kama rangi yangu hata kidogo. Ulikuwa unawaka.

"Usiguse," shemeji akasema. Sauti yake ilitokea karibu kabisa na sikio langu. "Toa mkono. Toa mkono, baba, polepole."

Hajawahi kuniita baba. Nikautoa mkono.

Upepo uliingia dirishani, ule wa mchana, mwepesi. Uzi ukawa utepe. Kijani kikarudi nyuma kuelekea mwilini, kama maji ya bomba yanavyojivuta kwenye saruji jua likipiga. Kilipopita, buluu ilibaki, ile ile, ya getini, ya macho kuuma. Bawa la kushoto likamaliza. La kulia likabakiza doa moja karibu na kifua, la kijani, kubwa kama dengu, na tukalitazama doa lile kama watu wanaosubiri mpira wa penalti. Likapungua likawa nukta. Likaisha.

Shemeji alikaa chini. Si kwenye kiti, kiti kilikuwa mbali. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, viatu vimenyooka mbele kama mtoto. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi, na katikati ya machozi akanirushia lile donge la pamba.

"Nywele tatu," akasema. "Eti nimewahi kupaka basi."

Mimi nilikuwa nimeshika meza. Nilikuwa nafikiria ule mchanganyiko wa kwanza, ambao yeye aliusifu, na wa pili, ambao mwenye duka yeyote angenikumbatia. Kama ningeridhika mapema dakika ishirini tu, yule kipepeo angekuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

Mkuu wa idara ni mama mfupi, mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alisimama, akanusa. Akaangalia chupa tupu, kisanduku kilicho wazi, mfanyakazi wake sakafuni, mwandika mabango dirishani na sahani yenye buluu nne.

"Kikao kimeisha mapema," akasema. "Naona huku ndiko kulikokuwa na kikao."

Nilikuwa nimeshatunga uongo, na ulikuwa uongo mzuri. Lakini shemeji aliinuka, akajikung'uta sketi na kusema kabla yangu.

"Mama, nimemmwagia spiriti. Chupa nzima. Akawa kijani, nikadhani rangi imeyeyuka. Nikafunika. Tukataka kumpaka. Halafu amerudi mwenyewe."

Mkuu alisogea dirishani, akainua lenzi, akamwinamia kipepeo muda mrefu, mabawa, mwili, vipapasio, pini. Mimi na shemeji tulisimama bega kwa bega kama wanafunzi waliochelewa.

"Halijang'oka hata gamba moja," akasema mwishowe. "Nani alimsogeza hapa?"

"Mimi," nikasema. "Nilitaka mwanga."

"Ulimpa hewa bila kujua. Njoo hapa. Na wewe, Mama Majani, njoo."

Akakishika kisanduku, akakiinua hadi mwanga wa dirisha ukapita nyuma ya bawa, akanipa lenzi. Buluu haikuwepo. Bawa lilikuwa la kahawia, kahawia ya chai. Akakirudisha mezani, buluu ikawaka.

"Rangi iliyomo humu ni hiyo ya kahawia tu," akasema. "Buluu haimo. Magamba yake yana vijirafu vidogo kupita kiasi, vimepangana, na kati yao kuna hewa. Mwanga ukiingia unadundadunda humo, na unaotoka kwa nguvu ni wa buluu. Umeona povu la sabuni lilivyo na rangi? Kuna mtu amelipaka?"

"Hapana, mama."

"Basi. Spiriti ilijaza zile nafasi za hewa. Nafasi zikijaa, mwanga unadunda kwa namna nyingine, unapata kijani. Zikikauka, anarudi alivyokuwa." Akamgeukia shemeji. "Maua yako ni kitu kingine. Buluu ya ua ni utomvu wenye rangi uliomo ndani ya petali, kwa hiyo spiriti inauchukua. Ulichokijua ni kweli. Ila umekitumia kwa mdudu, na mdudu si ua."

"Ndiyo, mama."

"Kumwaga si kosa, kila mtu humu amewahi kumwaga. Kufunika ndiko kosa. Ulivyofunika ulimweka kwenye mvuke. Angekaa kijani mpaka Jumatatu, na wageni wangemwona hivyo. Na ungekuja kuniita, ningekuambia neno moja tu: fungua." Akatoa bahasha mfukoni mwa koti, akaiweka mezani, na juu yake akaweka kitabu cha matukio cha idara. "Andika hapa kwanza. Saa, chupa, kiwiko, kila kitu. Pamoja na basi."

Alikuwa mlangoni muda gani, sijui mpaka leo.

Shemeji aliandika mistari sita. Mkuu akaisoma, akaafiki kwa kichwa, akafungua bahasha, akasaini barua pale pale kwenye meza ya dirishani, akiegemeza karatasi karibu na sahani yangu. Shemeji alishusha pumzi ndefu, hadi nikadhani atakaa sakafuni tena. Aliikunja barua mara mbili, akaitia kifuani, akaibonyeza kwa kiganja, kisha akanipiga kofi la bega lililoniuma hadi jioni.

"Nataka kuona ubao," mkuu akasema.

Nilikuwa nimeusahau. Nikatembea nyuma yake ukumbini kama mbuzi anayevutwa. Alisimama chini ya ngazi, mikono nyuma, akasoma kwa sauti, vizuri, akizipa mizani haki yake:

"Buluu safi ya mbali, imepakwa kwa akili." Akanigeukia. "Imepakwa na nani?"

Shemeji alikuwa amekuja nyuma yetu. Nikamsikia akiziba mdomo asicheke.

"Nilidhani umekosea, mama," nikasema. Maneno yalitoka kama jino linalong'olewa. "Ile sentensi yako. Nilidhani mchapaji alisinzia."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Ungeiandika kama ilivyo, mngekuwa na jibu ukutani tangu asubuhi, kwa herufi kubwa, hatua kumi kutoka mlango wa karakana."

Niliangalia herufi zangu za dhahabu. Zilikuwa nzuri. Bado naona zilikuwa nzuri. Nikapanda ngazi vidaraja viwili, nikachukua kitambaa na chupa yangu ya tapentaini, nikafuta "imepakwa" kwanza. Dhahabu yote ikaingia kwenye kitambaa, hadi chembe ya mwisho, na shemeji akacheka tena, wazi sasa, kicheko chake cha kelele, ukumbi mzima ukajaa.

"Mtakuja saa ngapi Jumatatu?" nikauliza bila kugeuka.

"Saa mbili," mkuu akasema.

Nikageuka, ili nimwambie akiwa ananiona.

"Basi saa mbili utaukuta ubao umekauka, mama. Kipepeo huyu hana tone la rangi ya buluu. Hivyo hivyo ulivyoandika, mwanzo hadi mwisho, na neno langu halitakuwemo hata moja. Nakuahidi, mbele ya shemeji."